Kikohozi Kinacholetwa na Dawa

Mtu anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi hapana budi apimwe kifua kikuu. Jambo hilo wananchi wa Unguja na Pemba wanalielewa, wala halina mjadala. Lakini kipo kikohozi ambacho makohozi yakipimwa hayaonyeshi kitu, na hakiondoki kwa asali wala tangawizi, kwani chanzo chake ni kidonge anachokimeza mgonjwa kila siku kwa agizo la daktari.

Dawa za shinikizo la damu za jamii ya kaptoprili na enalaprili zimeokoa maisha ya wengi tangu miaka ya 1980. Hata hivyo, huzuia kimeng'enya ambacho pia huivunja bradikinini mwilini. Bradikinini ikizidi, husumbua njia za pumzi, na baadhi ya watumiaji hupatwa na kikohozi kikavu. Dawa ikibadilishwa, kwa kawaida hukoma baada ya wiki chache. Yapo na madhara mazito zaidi, ingawa ni ya nadra. Nitrofurantoini ya njia ya mkojo ikitumiwa kwa miezi mingi, amiodaroni ya mapigo ya moyo na methotreksati ya baridi yabisi huweza kuyadhuru mapafu hata yakapata makovu.

Hatari kubwa ni ujinga wa jambo hili. Mgonjwa akichoshwa na kikohozi huziacha dawa kimya kimya, shinikizo likapanda, na kiharusi kikamkuta. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa hiyo tunawasihi wananchi wasiache dawa kwa uamuzi wao, bali warudi kwa daktari na vidonge vyao mkononi. Tunawataka waganga wamwulize kila anayekohoa anatumia dawa gani, na wauzaji waandike jina la dawa juu ya kila bahasha.

Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa ulianza 1968, baada ya msiba wa thalidomaidi, na Tanzania ilijiunga 1993. Lakini mpango huo hujua tu yale yanayoripotiwa. Ni wajibu wa Wizara ya Afya kuhakikisha kwamba fomu za taarifa zinafika hata katika vituo vya visiwa vidogo, zinajazwa, na zinapelekwa kwa Wakala wa Chakula na Dawa. Fomu inayobaki kabatini haimponyi mtu.