Walimu tufundishwe kuunda seva ya mafaili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipate kutoa maoni yangu juu ya vishikwambi tulivyopewa walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022. Tunavishukuru sana. Lakini kishikwambi bila bando ni jembe bila mpini. Mihtasari ya mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 tunaipata mtandaoni, na mitihani ya miaka iliyopita vilevile. Mafaili yenyewe hayauzwi, ila bando la kuyapakua linatoka mfukoni mwa mwalimu.

Hebu tupige hesabu. Tuseme shule ina walimu 12, na mafaili ya muhula ni megabaiti 100. Kila mmoja akipakua ya kwake, tumelipia megabaiti 1,200. Mmoja akipakua kwa niaba ya wote, akayaweka katika kompyuta moja ya ofisini, na wenzake wakayachukua humo kupitia ruta ndogo, tumelipia 100 tu. Hapo ofisini bando halitumiki hata kidogo, kwa sababu mafaili hayatoki nje ya shule.

Kompyuta ya namna hiyo huitwa seva ya mafaili. Mimi si mtaalamu. Chuo cha ualimu kilinifundisha azimio la kazi na andalio la somo, hakikunifundisha kuandika programu. Hata hivyo, katika likizo moja nimeandika seva ndogo kwa lugha ya Python, ambayo hutolewa bure. Naomba nieleze inavyofanya kazi, ili wenzangu waone kuwa huu si uganga.

Kanuni zake huitwa FTP. Zilitungwa mwaka 1971 na Abhay Bhushan, kijana wa Kihindi aliyekuwa akisoma MIT huko Marekani, na zikaandikwa upya mwaka 1985. Sisi wa Rufiji tufikirie ghala la korosho. Mwenye shida husema na karani dirishani, lakini magunia hutokea mlango mwingine. FTP nayo ina njia mbili, moja ya maneno na moja ya mzigo. Maneno hupita mlango namba 21, ingawa kwa kujifunza ni rahisi kutumia 2121. Mgeni hutuma neno USER na jina lake. Seva hujibu 331, yaani lete neno la siri. Akilitaja sawasawa hujibiwa 230, yaani karibu ndani. Akisema LIST hupewa orodha, na akisema RETR hupewa faili kwa njia ya pili. Likimalizika kupita, seva humwambia 226, kazi imekwisha. Kwa kuanzia, amri zisizozidi kumi zinatosha.

Anayeanza ashike mambo matatu. Kwanza, amri moja inaweza kufika vipande vipande, hivyo programu isubiri mpaka mwisho wa mstari ndipo ijibu. Pili, faili lisomwe na kupelekwa kama baiti tupu, si kama maandishi, ama sivyo linaweza kufika limeharibika. Tatu, mgeni mjanja anaweza kuandika nukta mbili badala ya jina la folda, apande juu na kuchungulia mafaili mengine ya kompyuta. Lazima programu imkatalie.

Pia tusidanganyane. FTP ya kawaida hupeleka neno la siri waziwazi, na anayesikiliza mtandao anaweza kulisoma. Kwa hiyo mitihani ambayo haijafanywa na taarifa za wanafunzi zisiwekwe humo kabisa. Tena Chrome na Firefox ziliacha kutumia FTP mwaka 2021, hivyo kishikwambi kinahitaji programu ya mafaili inayoielewa.

Wapo watakaouliza kwa nini mwalimu ajitese wakati seva zilizokwisha tengenezwa zipo. Ni kweli zipo, na shule ikipata nzuri iitumie. Lakini aliyewahi kuunda moja kwa mkono wake, hiyo nyingine ikigoma anajua pa kutazama. Asiyejua ataifunika kwa kitambaa na kungoja fundi kutoka mjini, na walimu watarudi kununua bando kila mtu kivyake.

Kwa hiyo nawaomba wahusika walifikirie jambo hili. Vyuo vya ualimu viwafundishe wanachuo kuunda seva ndogo, isiwe tu kuchapa barua kwenye kompyuta. Sisi tulioko kazini tufundishwe katika vikao vya MEWAKA, kwani vikao hivyo tayari tunavyo. Na Taasisi ya Elimu Tanzania iwapatie Maafisa Elimu Kata mafaili ya mihtasari na miongozo katika flashi, ili kila shule inakili bila kulipia bando. Haya hayahitaji majengo mapya. Yanahitaji kompyuta moja inayofanya kazi, ruta moja, na mwalimu mmoja katika kila shule aliyefundishwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Umwe, Rufiji,
Mkoa wa Pwani.