Nembo ya JPEG si nembo!

Jamani, nimechoka. Juzi nilikuwa namwekea printa ya risiti mama mmoja mwenye duka la mikate. Akanipa nembo yake: kijipicha cha JPEG chenye kivuli, rangi tano zinazoyeyukiana na maandishi yasiyosomeka. "Dizaina aliniambia hiyo ndiyo ya kisasa, mwanangu." Na alimlipa vizuri.

Sasa, karatasi ya risiti ina upana wa milimita 58. Printa nyingi za aina hiyo huchapa nukta 384 tu kwa mstari, na nukta ni nyeusi au haipo. Hakuna kijivu! Nembo ikatoka kama doa la masizi. Kwenye muhuri wa mpira ingekuwa yale yale.

Nikampigia dizaina simu kuomba faili asili. Akataka alipwe tena! Huo ni wizi, na madizaina wazuri mnaonisoma mnisamehe. SVG ipo tangu 2001, Inkscape ni ya bure tangu 2003. Kisingizio ni kipi?

Nikamchorea mama mkate mweusi na jina kwa herufi nene, basi (mimi si msanii, mkate unafanana kidogo na kiatu). Ukatoka safi.

Wewe mwenye biashara, kabla hujalipa, ichapishe kwa wino mweusi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Usipoitambua, irudishe. Na udai SVG yako.

Bango la mama bado lina lile doa. Pesa za kulipaka upya hana.