Mzee Anaposema: "Nirudisheni Kwangu"

Ndugu mpendwa, labda umemleta baba yako au mama yako akae nawe hapa Lubumbashi, kwa sababu amepotewa na kumbukumbu, na hawezi tena kukaa peke yake. Umempa chumba na kitanda kizuri. Lakini kila jioni afunga nguo zake katika kitenge, asimama mlangoni, asema: "Nirudisheni kwangu." Wewe umechoka. Moyoni wasema, "Hana shukrani." Na jirani wanong'ona neno baya kuliko hilo: "Ni ulozi."

Nataka kukuambia neno moja. Usimlazimishe mzee aizoee nyumba upesi. Nyumba ndiyo ianze kumzoea mzee.

Kwanza uujue ugonjwa huu. Si ulozi, wala si adhabu ya dhambi. Ni ugonjwa wa ubongo. Mwaka 1906 mganga Alois Alzheimer wa Ujerumani aliwaeleza waganga wenzake habari za mwanamke aliyepotewa na kumbukumbu, na jinsi ubongo wake ulivyoonekana umeharibika baada ya kufa kwake. Shirika la Afya Duniani lilihesabu ya kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na magonjwa ya namna hii duniani. Je, hao wote ni walozi? Hapana.

Mara nyingi mambo ya jana hufutika kwanza, na ya zamani hudumu. Ndiyo maana mzee hakijui chumba ulichompa mwezi uliopita, lakini aijua sana nyumba ya ujana wake.

Nilimjua mzee mmoja aliyefanya kazi mgodini tangu siku za Union Minière, kabla Serikali haijaichukua mwaka 1967. Mwanawe alimtoa Kipushi, akamleta Katuba. Kila usiku, saa kumi, mzee alivaa viatu akatafuta mlango aende kazini. Wakamfungia kwa kufuli. Akaupiga mlango, akalia, akampiga na mjukuu wake. Watu wakasema yeye ni mlozi atembeaye usiku. Wengine wakataka apelekwe mahali pa maombi, anyimwe chakula mpaka aungame.

Nilipofika nilimwuliza, "Baba, zamu yako yaanza saa ngapi?" Akatabasamu. Akanieleza habari za taa yake, na kofia, na wenzake wa zamu. Tangu siku ile mkwe wake aliacha kubishana naye. Alimwambia, "Baba, bado ni mapema, tunywe chai kwanza." Hakusema uongo, wala hakumwaibisha. Wakaleta kiti chake cha zamani na kikombe chake cha bati kutoka Kipushi. Kila asubuhi wakampa ufagio afagie lupango. Mzee hakupona, na usiku mwingine alilia bado. Lakini baada ya majuma kadhaa alianza kulala, na mjukuu hakumwogopa tena.

Basi, fanyeni hivi:

1. Mpelekeni hospitali kwanza. Kama akili imechafuka kwa siku chache tu, msingoje. Huenda ni malaria, au ugonjwa wa mkojo, au sukari, au mshipa wa kichwa kwa ajili ya damu kupanda. Mengine yana dawa.

2. Leteni vitu vyake: kiti, blanketi, Biblia yake, picha za jamaa. Kitanda kikae mahali pamoja, msikihamishe.

3. Siku zote ziwe na utaratibu mmoja: kunawa, bukari, kazi ndogo, wimbo na sala kwa saa zile zile. Asiyekumbuka maneno uliyomwambia asubuhi aweza bado kuimba wimbo aliojifunza utotoni.

4. Akisema, "Nirudisheni kwangu," msimjibu, "Nyumba yako imekwisha kuuzwa." Mwulizeni habari za kwao. Zungukeni naye lupango, kisha rudini ndani pamoja.

5. Usiku pawe na taa ndogo isiyo ya moto, maana umeme hukatika na giza humtia hofu. Mlango wa nje ufungwe, lakini asiachwe peke yake ndani. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi yetu ni kali, mpeni blanketi. Mbabula ya makala isilale chumbani, maana moshi wake huua.

6. Msimnunulie vidonge vya kulala barabarani. Vyaweza kumwangusha na kumzidishia kupotea.

7. Mzigo usiwe wa binti mmoja tu. Ndugu wapeane zamu.

Sasa nasema na kanisa. Anayempiga mzee au kumnyima chakula kwa jina la maombi anatenda dhambi, hata akitaja jina la Yesu mara mia. Najua wengine watachukizwa nami. Lakini amri ya tano haikusema tuwaheshimu wazazi wenye kumbukumbu tu. Hata Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, yawapa wazee haki ya kulindwa.

Someni Yohana 21. Bwana alimwambia Petro kwamba atakapozeeka, mwingine atamfunga mshipi na kumpeleka asikotaka. Najua neno lile lilihusu kifo chake. Lakini nikimwona mzee anayeshushwa garini mbele ya nyumba asiyoijua, nalikumbuka. Yeye naye anapelekwa asikotaka. Hatuwezi kumwondolea jambo hili, ila twaweza kuchagua mikono itakayompeleka iwe ya namna gani.

Wamama na wababa wa kanisa, juma hili tafuteni nyumba moja yenye mzee wa namna hii. Kaeni naye saa mbili, ili binti yake apate kulala. Hiyo nayo ni ibada. Mungu awasaidie.