Tupime kwa Pishi Yetu

Katika sala ya jeneza, imamu husimama usawa wa kichwa cha maiti mwanamume, na usawa wa kiuno cha maiti mwanamke. Je, asimame wapi mbele ya mabaki ambayo moto haukuyaachia sura wala umbo?

Swali hili si la kubuni. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililipuka na kuua watu zaidi ya 100. Wengine waliungua wasitambulike, ikabidi ndugu zao watoe sampuli za vinasaba. Vinasaba ni shahidi mkuu, lakini hutaka muda, na hutaka ndugu wa kulinganishwa naye. Kabla ya hapo mtaalamu huuliza la kwanza: huyu ni mwanamume au mwanamke? Nyonga ndiyo hujibu vizuri kupita mifupa yote. Ikiharibika, hugeukia fuvu.

Ndani ya taya la juu, kushoto na kulia kwa pua, mna vyumba vya hewa, vile ambavyo vikivimba mtu husema ana sainasi. Kwa kuwa vimejificha, mara nyingi husalimika ilhali mifupa mingine imevunjika. Mashine ya CT hupima kimo, upana na kina chake bila kisu. Kwa wastani, vya wanaume ni vikubwa zaidi.

Kwa wastani, ndugu msomaji, si kwa kila mtu! Wapo wanawake wenye vyumba vipana kuliko vya wanaume wengi. Ndiyo maana tafiti nyingi hupatia watu kama 60 hadi 80 katika kila 100, na mrusha sarafu hupatia 50. Tena vyumba hivi hukua hadi umri wa miaka 20 hivi, na mzee aliyeng'olewa magego huenda vyumba vyake vimetanuka kwa chini.

Hatari kubwa kuliko hizo ni kuazima. Kanuni ya kipimo hutungwa kwa kupima watu wa mahali fulani, na ukubwa wa mafuvu hutofautiana. Mpaka wa kutenganisha wanaume na wanawake uliowekwa kwa watu wenye mafuvu makubwa, ukiletwa kwa wenye mafuvu madogo, utawageuza wanaume wao wanawake kwenye karatasi. Cha kuazima hakisitiri maungo.

Kila siku hospitali zetu hupiga picha za CT za vichwa vya majeruhi wa bodaboda. Picha hizo, zikifutwa majina na kupata idhini ya kamati za maadili, ni hazina. Enyi vijana mnaosomea radiolojia na udaktari wa meno, pimeni! Pimeni wa bara na wa pwani, wanaume na wanawake sawia, kisha rudieni mjue kama mkono wenu haukosei. Haba na haba hujaza kibaba.

Na mkiitwa mahakamani, tajeni pia kipimo hukosea mara ngapi. Mama anayemtafuta mwanawe wa kiume asiambiwe hapa wamelala wanawake tu, kwa pishi iliyochongwa ng'ambo.