Motokaa na Jina Lake

Wapo wajuzi wa mbio za motokaa ambao hadi leo huyalaumu mashindano fulani ya Uingereza ya miaka ya 1970. Husema kwamba motokaa za nyumbani zilizogeuzwa kwa ajili ya mbio zile hazikuwa za nyumbani hata kidogo. Zilikuwa uongo uliovikwa bati. Lawama hii imemwangukia asiyestahili.

Haikanushiki kwamba mageuzi yalipita kiasi. Mwaka 1974 Gerry Marshall aliendesha Vauxhall Ventora iliyoitwa Big Bertha, nayo ilitiwa injini ya Repco-Holden ya silinda 8 na lita 5. Ikavunjika Silverstone mwaka ule ule. Injini ikahamishiwa katika umbo la Firenza, ikazaliwa Baby Bertha, iliyompa Marshall ubingwa wa kundi lile mwaka 1975 na 1976. Colin Hawker alithubutu zaidi: katika umbo la Volkswagen alitia injini ya Cosworth DFV, iliyoundwa kwa mbio za Formula One! Kilichobaki cha motokaa ya dukani kilikuwa sura, na sura yenyewe aghalabu ilikuwa ya faiba.

Lakini nani alidanganywa? Mtazamaji aliisikia ngurumo ile, akayaona magurudumu mapana kama mapipa, akajua kwamba hiyo si motokaa ya jirani yake. Kinyago hakimdanganyi ajuaye kuwa yuko ngomani.

Udanganyifu, kama ni lazima utafutwe, na utafutwe kwa wale waliosifiwa uaminifu. Mashindano ya Ulaya ya Kundi la Pili yalidai motokaa 1,000 za namna moja zitengenezwe kwanza, ili kinachoshindana kiwe ndicho kinachouzwa. BMW wakatoa 3.0 CSL, iliyofanywa nyepesi makusudi, milango na boneti vikiwa vya alumini. Mwaka 1973 wakaiongezea bawa kubwa la nyuma. Sheria ya Ujerumani haikuliruhusu bawa hilo barabarani. Basi mnunuzi wa huko akakabidhiwa motokaa yake, na bawa limelazwa ndani ya buti. Mwaka huo Toine Hezemans akawa bingwa wa Ulaya. Kanuni ilitimizwa katika maandishi, na maana yake ikafungiwa butini pamoja na bawa.

Hati ya namna hiyo Baby Bertha haikuihitaji, wala hakuna aliyeuziwa kwa jina la motokaa ya kwendea sokoni.