Neno la Toleo Hili: Chokaa

Safari hii tunachukua neno ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulipita haraka kwenye kamusi: chokaa. Mwenye nyumba huipaka ukutani, na mtafuna tambuu huipaka kwenye jani pamoja na popoo. Mafundi wa zamani waliichanganya na mchanga ili kushikamanisha mawe. Ukifika Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, kuta nyingi utakazozigusa ni za mawe ya matumbawe, na chokaa iliyoyashika ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Bahari ilijenga kwanza, ndipo watu wakajenga kwa mali yake.

Je, bahari hujengaje? Tumbawe ni mnyama mdogo laini. Huchukua kutoka majini vitu viwili, kalsiamu na kaboneti, akavifanya jiwe la chokaa chini ya mwili wake. Akifa, jiwe hubaki, na mwingine hujenga juu yake. Mwamba mzima hupanda milimita chache tu kwa mwaka, na wakati huohuo mawimbi yanauvunja na pono wanautafuna. Kwa hiyo mwamba ni kama daftari la dukani lenye mapato na matumizi. Mapato yakizidi, mwamba unakua. Yakipungua kidogo tu kila mwaka, mwamba unaisha hata kama hakuna aliyeugusa.

Hapa ndipo kemia inapoingia, na Kiswahili kinatusaidia kuielewa. Gesi inayotoka kwenye moshi wa makaa, mafuta na petroli tunaiita hewa ukaa, neno lililo jirani na makaa. Takriban robo ya hewa ukaa tunayoitoa huishia baharini. Ikiyeyuka majini hutengeneza tindikali dhaifu, ileile inayoyapa maji ya mapovu ukali wake ulimini. Tindikali hiyo huachia chembe za haidrojeni, nazo huishika kaboneti na kuigeuza kitu kingine ambacho tumbawe hawezi kukijengea moja kwa moja. Kalsiamu bado imejaa tele, ila mwenzake ametekwa. Fundi ana mchanga wa kutosha, lakini mifuko ya saruji inapungua, na kila mfuko unamgharimu nguvu zaidi.

Tuwe waangalifu na maneno. Husemwa kwamba “bahari inageuka tindikali”, na msomaji hudhani samaki wataogelea kwenye siki. Sivyo. Kabla ya enzi ya viwanda, pH ya maji ya juu ya bahari ilikuwa karibu 8.2; sasa ni karibu 8.1. Ingali juu ya 7, yaani bado iko upande wa alkali. Ila kipimo hiki hakihesabu kama rula: kushuka huko kudogo ni sawa na chembe za haidrojeni kuongezeka kwa zaidi ya robo. Ni sahihi zaidi kusema bahari inaelekea upande wa tindikali. Tusichanganye jambo hili na kupauka kwa matumbawe, kama kulikotokea Afrika Mashariki mwaka 1998. Kule kunasababishwa na joto, ingawa chanzo cha yote mawili ni moshi uleule. Joto humuua mjenzi, na kemia humpunguzia vifaa yule aliyebaki.

Sisi tunaoishi huku Alby, kusini mwa Stockholm, tuna ziwa Albysjön karibu, na bila shaka halina tumbawe hata moja. Lakini Waswidi wana historia yao na chokaa, ambayo wao huiita kalk. Mwaka 1967 mwanasayansi Svante Odén aliandika katika gazeti la Dagens Nyheter kwamba mvua inayonyesha Uswidi imebeba tindikali, na kwamba sehemu kubwa ya salfa inayoisababisha inatoka kwenye moshi wa nchi nyingine. Samaki walikuwa wakitoweka katika maziwa mengi. Tangu miaka ya 1970 serikali imekuwa ikigharimia kumwaga unga wa mawe ya chokaa katika maelfu ya maziwa, kwa mashua na hata kwa helikopta. Maji yakatulia, na samaki wakarudi mahali pengi.

Je, tufanye hivyo kwa Bahari ya Hindi? Wahenga walisema: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Ziwa la Uswidi ni kifuu. Unaweza kulimwagia chokaa ukaona tofauti. Bahari ni bahari. Isitoshe, Uswidi kwenyewe chokaa ilikuwa huduma ya kwanza tu. Dawa ilikuwa kupunguza salfa kwenye chanzo, na mkataba wa Geneva wa mwaka 1979 ndio uliozileta mezani nchi zenye moshi na nchi zenye mvua. Anayevua Mafia au Chwaka hana moshi wa kujivunia, lakini mwamba unaovunja mawimbi mbele ya kijiji chake ndio unaolipa deni.

Hata hivyo, si kila kitu kiko nje ya uwezo wa pwani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, Sware Semesi, pamoja na Sven Beer na Mats Björk, walipima maji katika ghuba ya Chwaka, Unguja. Waliona kwamba mchana nyasi za baharini hunyonya hewa ukaa na kupandisha pH, na mwani wa chokaa ulio kati yake hujenga kwa kasi zaidi. Mwani wa aina hiyo ndio unaogandisha vipande vya mwamba kama saruji. Usiku nyasi hupumua na pH hushuka tena, kwa hiyo si muujiza. Lakini anayelinda nyasi za baharini analinda zaidi ya malisho ya samaki.

Zoezi la klabu: weka ganda la yai kwenye siki usiku kucha, kisha ueleze kwa Kiswahili, bila neno hata moja la kigeni, ulichokiona asubuhi. Mkumbuke tu kwamba siki ni kali mno kuliko bahari; ganda linaonyesha mwelekeo, si kasi.

Msamiati wa toleo hili
Tumbawe (matumbawe): mnyama wa baharini ajengaye jiwe la chokaa.
Hewa ukaa: gesi itokanayo na kuungua kwa makaa, mafuta na kuni.
Kupauka: kupoteza rangi, kwa tumbawe, kutengana na mwani aliyeishi naye.
Kifuu: gamba gumu la nazi.

Toleo lijalo: mkondo.