Gemu za mtandaoni: Ufundi unaishia wapi, wizi unaanzia wapi?

Uko zako Rasbura, Lindi, bando limebaki kidogo, unacheza eFootball na mtu usiyemjua. Kila shambulizi anapiga krosi ileile, mabeki wako wanasimama tu. Umeshapigwa nne. Huyo fundi au mwizi?

Wengi watasema mwizi, kwa kuwa anatumia udhaifu wa gemu. Ila udhaifu peke yake hautoshi kumhukumu mtu.

Street Fighter II ilipotoka mwaka 1991, mapigo ya mfululizo, maarufu kama kombo, hayakuwa yamepangwa. Watengenezaji waliona ni kasoro, wakaiacha. Leo kombo ndizo uti wa mgongo wa gemu za kupigana, ikiwemo Tekken, iliyompa jina Mkenya Sylvia Gathoni, "Queen Arrow", aliyesajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018. Nani atamwita mwizi kwa kupiga kombo?

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2020 tume ya uadilifu ya michezo ya kielektroniki, ESIC, iliwafungia makocha 37 wa Counter-Strike. Walikuwa wakitumia hitilafu iliyowawezesha kuchungulia ramani mechi ikiendelea, wapinzani bila habari.

Zote mbili zilianza kama kasoro. Tofauti ni kwamba kombo mpinzani anaiona, anaweza kuizuia na hata kujifunza kuipiga. Kwa makocha wale, mpinzani hakuwa na la kufanya.

Kwa kipimo hicho, krosi ileile ni ufundi hata kama inakera. Badili mfumo, ziba pembeni. Kuzima data kwa makusudi ukishafungwa ni wizi, maana huko hakuna beki wa kukusaidia.

Tatizo ni kuthibitisha. Mtandao nao hukata wenyewe: Mei 12, 2024 hitilafu ya nyaya za baharini iliyumbisha intaneti Tanzania nzima. Kumtuhumu kila anayepotea hewani ni kuonea watu.

Ndiyo maana wanaochangishana kiingilio wakubaliane kabla hela haijatoka mfukoni. Mtandao ukikata, mechi inarudiwa au matokeo yanabaki? Kasoro zipi ni marufuku? Sheria inayotungwa baada ya mtu kufungwa si sheria, ni hasira.

Na kama mbinu haikukatazwa na ina jibu, usimlaumu aliyeigundua. Itafutie dawa.